Neutro moja kwa laini mbili na breka pacha ya Marekani: jibu kwa ndugu wa Buhongwa

Swali nililoletewa nalifupisha kidogo: "Shikamoo fundi. Mi naishi Buhongwa hapa Mwanza, nyumba ya kawaida, umeme wa njia moja, meni (swichi kuu) ni ya ampia 63, DB (boksi la breka) ina breka sita na zote zimejaa: laini mbili za taa, mbili za soketi, jiko, na hita ya kuogea. Nimeanza kuuza samaki nyumbani, nataka kuongeza laini ya friza mbili na laini ya pampu ya maji. Fundi wangu ni shemeji, anasema kuna njia rahisi, binamu alituletea breka za Marekani, moja ina swichi mbili ila inakaa nafasi ya breka moja, kwahiyo tunaiweka palipo na breka ya soketi za sebuleni tunapata laini mbili. Afu neutro mpya hatuvuti maana paipu imejaa, tunavuta laivu tu, neutro tunaunga kwenye ile ya sebuleni, si neutro zote zinaishia sehemu moja. Ni salama? Na kama Marekani wanafanya, sisi tunashindwa nini?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa biashara. Jibu fupi ni hapana, kwa vyote viwili, ila ni hapana mbili tofauti na nataka uzielewe zote, maana hata ukiiacha ile breka ya binamu ukanunua nyingine hapa hapa mjini, hilo la neutro bado litabaki palepale, na ndilo linalonitia hofu zaidi. Naanza nalo.

Umeme ukifika kwenye friza hauishii pale. Unaingia kwa laivu, unafanya kazi, unarudi kwa neutro, na kiasi kilichoingia ndo kinachorudi. Friza ikivuta ampia 2 kwa laivu, ukifunga klampu mita (kile kipimo kinachokumbatia waya) kwenye neutro yake utasoma 2 hizo hizo. Sasa fungua DB yako (meni ikiwa chini, na shemeji awepo) uangalie breka zinafungwa wapi: laivu tu. Kila laivu inapita kwenye breka yake, neutro zote zinaenda moja kwa moja kwenye ile baa ya shaba yenye skrubu nyingi, hakuna breka, hakuna fyuzi, hakuna kitu. Neutro inalindwa kwa njia moja tu, kwamba laivu mwenzake ana breka, na kwakuwa wote wawili wanabeba kiasi kilekile, ukimlinda mmoja umemlinda na mwenzake. Huo ndo mpango wote. Siku ukiipa neutro moja laivu mbili kutoka breka mbili, mpango umevunjika, neutro inabeba jumla ya wote na hakuna breka hata moja inayoiona hiyo jumla.

Tuchukue nyumba yako yenyewe. Soketi za sebuleni nadhani zina breka ya ampia 20 na waya wa milimita za mraba 2.5, ndo kawaida ya hapa. Asubuhi mama watoto kachomeka jagi la wati 2000, hiyo ni kama ampia 9, na pasi inanyoosha sare za shule, kama 5, laini ya sebuleni iko kwenye 14 na breka yake imetulia. Huku kwenye laini mpya friza mbili zinavuta 4 kwa pamoja na pampu ya hosi pawa moja na nusu inavuta kama 7, jumla 11, breka yake nayo imetulia kabisa. Neutro je? Imebeba 25. Waya wa 2.5 ndani ya paipu ukutani uwezo wake ni kama 24, na hiyo ni hali nzuri, ukipita juu ya dari chini ya bati saa nane mchana uwezo unashuka. Na hapo hatujahesabu pampu inapoanza kuzunguka, ambapo kwa muda mfupi inavuta mara tano au zaidi ya kawaida yake. Afu kesho biashara imekua, umeongeza friza ya tatu, mtoto kanunua maikrowevu. Breka mbili za 20 zina haki ya kuruhusu 40 kwenye neutro moja bila hata moja kushuka. Na joto la waya haliongezeki kwa hesabu ya kujumlisha, umeme ukiwa mara mbili joto linakuwa mara nne.

Shemeji anasema neutro zote zinaishia sehemu moja, na hajasema uongo, zinaishia kwenye baa moja kweli. Lakini baa ni pande la shaba, nene, imetengenezwa kubeba jumla ya nyumba nzima. Waya wa njiani haujatengenezwa hivyo. We ni mtu wa Mwanza unaujua Mto Mirongo mvua ikipiga. Maji yote ya mjini yanaishia ziwani, ni kweli, na ziwa halijai, ila mitaro miwili ukiilazimisha ipite kwenye kalavati moja dogo, mafuriko yanatokea pale kwenye kalavati, mbali kabisa na ziwa. Neutro ya sebuleni ndo hilo kalavati.

Nikwambie nilichokiona kwa macho. Kuna bwana mmoja upande wa Kirumba, si mbali na Mwaloni, anahifadhi samaki kwenye friza, aliniita akasema taa zinapepesa na soketi moja inanuka. Breka hazijawahi kushuka hata siku moja, alisisitiza hilo kama sifa ya wayaringi yake. Nilipofungua boksi la soketi nikakuta laivu mbili za rangi safi kabisa, nyekundu inang'aa, na neutro moja nyeusi iliyoungwa kwa kusokotwa na tepu. Ile tepu ilikuwa imeyeyuka ikaganda tena, na neutro kutoka pale kurudi nyuma ndani ya paipu ngozi yake ilikuwa imekauka kama dagaa wa siku tatu juani, ukiikunja inavunjika vipande na shaba inabaki uchi. Mita nzima na zaidi. Laivu ziko salama kwakuwa kila moja ilikuwa na mlinzi wake. Aliyeungua ni yule asiyekuwa na mlinzi, na aliungua polepole, miezi, kimyakimya, ndani ya ukuta. Juu ya paipu hiyo kulikuwa na mbao za dari. Yule bwana alikaa kimya muda mrefu sana nilipomwonyesha, maana watoto walikuwa wanalala chumba hicho.

Sasa tuje Marekani, maana swali lako ni la haki, kule wanafanya kweli. Ila umeme wao nyumbani umejengwa tofauti na wetu. Kwetu umeme wa njia moja ni laivu moja na neutro, volti 230. Kwao transfoma inaleta laivu mbili na neutro katikati, kila laivu kwenda neutro ni volti 120, na laivu kwa laivu ni 240. Hizo laivu mbili zinakwenda kinyume, moja ikiwa inasukuma nyingine inavuta. Kwahiyo ukichukua laivu moja huku na nyingine kule ukawapa neutro moja, kwenye neutro umeme wao unapunguzana badala ya kujumlishana. Huku 15, kule 10, neutro inabeba 5 tu. Huku 15 na kule 15, neutro haibebi kitu. Wanaokoa waya mmoja kihalali kabisa, na neutro haiwezi kuzidi ile laivu kubwa kati ya mbili.

We una laivu moja. Huna ya kwenda kinyume nayo. Laini zako zote zinasukuma pamoja na kuvuta pamoja, kwahiyo kwenye neutro kwako ni kujumlisha tu, siku zote. Kilichokuwa hesabu ya kutoa kule kikiletwa Buhongwa kinageuka hesabu ya kujumlisha.

Na hata kule kwao kwenyewe, hii breka pacha na neutro ya pamoja ndo mtego wanaoonyana kila siku. Breka pacha, hiyo yenye swichi mbili kwenye nafasi moja, inashika sehemu moja tu ya basi ba (lile pande la chuma linalolisha breka), maana yake swichi zake zote mbili ziko kwenye laivu moja ileile. Mtu ana laini mbili zilizokuwa zinatumia neutro moja kwa usahihi, kila moja kwenye laivu yake, siku moja anataka nafasi kwenye paneli, anazihamisha zote mbili kwenye breka pacha moja, kila kitu kinawaka, anafurahi. Bila kujua kaziweka upande mmoja. Sasa 15 na 15 inakuwa 30 kwenye waya wa neutro uliopangwa kwa 15, waya wa kama milimita za mraba mbili hivi, na breka zote mbili ziko sawa tu. Ndo maana kanuni zao tangu toleo la 2008 zinataka laini mbili zinazotumia neutro moja zizimwe kwa pamoja kwa mkono mmoja, na namna ya kawaida ya kulitimiza hilo ni breka ya nguzo mbili inayokaa nafasi mbili zinazopakana, ambayo inashika laivu zote mbili. Na paneli zao zina lebo ndani ya mlango inayosema ni nafasi zipi zinaruhusiwa breka pacha na zipi haziruhusiwi. Kwahiyo kile ambacho shemeji anataka kukifanya kwako, hata fundi wa kule akikifanya kwao anakuwa kakosea.

Bado na breka yenyewe. Hiyo haikai kwenye DB yetu, za kwetu zinabana kwenye ile reli ya chuma na kulishwa na kitana cha shaba kwa chini, ya kule inang'ata basi ba yake kwa taya, ukiiweka humu utakuwa unaifunga kwa kulazimisha, waya wa kuruka, tepu, kipande cha mbao nyuma ili isicheze. Nimeyaona hayo. Afu soma maandishi ubavuni kwake, utakuta 120/240. Maana yake ni 120 kwa kila swichi kwenda ethi (ardhini). We unataka kila swichi ikate 230. Shoti ikitokea, kazi ya breka ni kuuzima ule moto wa umeme unaoruka ndani yake inapofunguka, na iliyopimwa kwa nusu ya volti zako haijaahidi mtu yeyote kwamba itaweza. Madukani hapa zipo breka nyembamba za reli yetu zenye neutro ndani, zinakaa nafasi moja na zina matundu mawili juu mawili chini, watu wanazichanganya na breka pacha. Ile ni ya laini moja, laivu na neutro yake, usije ukafunga laini mbili humo.

Kuna jambo jingine la neutro ya kuazima ambalo mafundi wenzangu linawahusu kuliko hata wenye nyumba. Fundi anataka kurekebisha soketi ya sebuleni, anashusha breka ya sebuleni, anapima laivu, imekufa, anaingiza mkono. Neutro ile ile bado inarudisha umeme wa friza kutoka laini ya pili ambayo breka yake iko juu. Ikiwa imeunganika vizuri haimfanyi kitu, lakini sekunde anapoifungua kwenye skrubu, umeme wa friza umekosa njia ya kurudi, ile ncha ya waya mweusi aliyoishika inakuwa na volti 230 kupitia ndani ya friza. Mimi imenipiga Isamilo, kwenye ghorofa, taa za ngazi, zile zinazowashwa chini na kuzimwa juu, ambapo aliyefunga alichukua laivu ya chini na neutro ya juu ili kuokoa waya. Nilikuwa juu ya ngazi ya mbao. Mkono ulikufa ganzi mpaka jioni na ningeanguka vibaya kama kijana wangu asingenishika mguu. Toka siku hiyo sifungui neutro ya mtu bila kuifunga klampu kwanza nione kama kuna kitu kinapita, na kama nyumba siijui nashusha meni.

Wenye umeme wa njia tatu wanaosoma hapa, mashine za kusaga, magereji, nyumba kubwa, msijione mmepona. Nyie ndo mtaniuliza mbona TANESCO wenyewe wanaleta neutro moja kwa fezi tatu, yaani laivu tatu. Wanaleta, na ni sahihi, fezi tatu zimepishana kwa namna ambayo kwenye neutro zinapunguzana, fezi zote zikiwa na 20 neutro haibebi kitu, zikiwa 20, 10 na 0 neutro inabeba kama 17, haizidi ile kubwa. Hapo kuna masharti mawili. Kwanza zile laivu ziwe kweli za fezi tofauti, maana mtu akibadilisha nafasi za breka kwenye DB bila kujua akaweka mbili fezi moja, mnarudi kwenye kujumlisha. Na vifaa kama kompyuta, TV, chaja na taa za LED vinavuta umeme kwa kudokoa, si kwa mtiririko laini, na hayo madokoa ya fezi tatu hayapunguzani, yanajumlishana kwenye neutro, ofisi yenye kompyuta nyingi neutro inaweza kuwa na joto kuliko laivu.

Sharti la pili ni zito zaidi, neutro isikatike. Chukua jagi la wati 2000 fezi nyekundu na TV ya wati 100 fezi ya njano, wanatumia neutro moja, skrubu ya neutro imelegea ikaachia. Sasa wamebaki mfululizo kati ya fezi mbili, volti 400, na wanagawana kwa kufuata ukinzani wao, mwenye nguvu ndogo ndo anapewa volti nyingi. TV itapata kama 380. Inaungua palepale, na jagi halichemshi. Marekani hivyo hivyo, kifaa cha wati 1200 na balbu ya wati 60 zikipoteza neutro ya pamoja, balbu iliyotengenezwa kwa 120 inapata karibu 229. Kwahiyo ukiona nyumbani kwako taa nyingine zinang'aa kupita kawaida huku nyingine zinafifia, usisubiri, shusha meni saa hiyo hiyo, hiyo ni neutro inaachia mahali, kama ni kwenye DB fundi ataiona, kama ni nje kwenye nguzo waite TANESCO, usipande wewe.

Turudi kwako. Naomba unijulishe pia kuhusu RCD, ile yenye kitufe cha kujaribia, kama unayo kwenye DB, maana hukuitaja. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka kwa laivu na unaorudi kwa neutro, ikikuta tofauti ya miliampia 30 inakata, kwakuwa hicho kilichopungua kimepita mahali pengine na mahali pengine huenda ni mwili wa mtu. Ukiazima neutro ya upande ambao hauko chini ya RCD hiyo, au uko chini ya RCD nyingine, hesabu haifungi na inakata kila ukiwasha kitu. Najua kinachofuata, nimekikuta nyumba nyingi sana, fundi anasema "RCD ni mbovu", anaitoa, anaunga waya moja kwa moja, na nyumba inabaki bila ulinzi wa mtu kwa sababu ya mita chache za waya mweusi. Na kwa Mwanza hilo ni zito kuliko sehemu nyingine, huku kwetu mawe, nyumba nyingi za Mabatini au Bugando milimani fimbo ya ethi inaingia kidogo inagonga mwamba, ethi inakuwa dhaifu, na ethi ikiwa dhaifu breka ya kawaida haiwezi kushuka friza ikivujisha umeme kwenye bodi lake. RCD inaweza. We unauza samaki, sakafu mbichi, mikono mibichi, wateja wanashika mlango wa friza. Hapo mimi sipunguzi kitu. Na ethi ikikosekana wasije wakakuunganishia neutro kwenye tundu la ethi la soketi kwamba "ni kitu kimoja", siku hiyo neutro ikikatika bodi la friza linakuwa laivu.

Cha kufanya sasa. Kuna nafasi moja unaweza kuipata kihalali leo leo bila kununua DB: laini zako mbili za taa. Kama ni LED zote, hata taa kumi kila laini za wati 9, hazifiki ampia moja kwa pamoja. Unaziunganisha laivu zote mbili kwenye breka moja ya 10 na waya wake wa 1.5, neutro zake zinabaki kwenye baa kila moja na skrubu yake, sasa hiyo ni laini moja yenye matawi mawili na breka moja inaona jumla yote, hakuna anayeibiwa. Laini moja kutumia neutro yake moja haina shida, shida ni breka mbili neutro moja. Ila hiyo inakupa nafasi moja na we unataka mbili, ndo maana mimi ningekushauri ubadilishe DB, weka ya nafasi 12, ubakishe na nafasi za kesho. Hela itakayotoka ni ndogo ukilinganisha na friza moja iliyojaa sato na sangara.

Kabla ya hapo mwambie shemeji aangalie waya unaotoka kwenye mita kuja DB. Ukijumlisha jiko la plate mbili kama 9, hita ya kuogea ya 5500 ni 24, jagi 9, pasi 5, friza 4, pampu 7, vyote vikiwaka pamoja ni 58, na meni yako ni 63, kwahiyo uko ndani ila uko ukingoni. Waya huo kama ni wa 16 sawa. Kama ni wa 10 ndani ya paipu uwezo wake ni kama 57, hautoshi nyuma ya meni ya 63, nao ubadilishwe.

Friza zipe laini yao, 2.5, laivu, neutro na ethi, zote tatu mpya. Na breka yake iwe ile yenye RCD ndani yake, ya 16, miliampia 30. Sababu ni ya biashara kabisa: kama friza ziko chini ya RCD moja na nyumba nzima, siku hita ya kuogea ikivujisha saa nne usiku RCD inakata kila kitu, mmelala, asubuhi samaki wameharibika. Zikiwa na yake, hita ikikorofisha inazima upande wa hita tu. Na breka ya namna hii lazima neutro ya friza ipite ndani yake, kwahiyo hata ukitaka kuazima neutro haikubali, itakata. Pampu nayo laini yake, 2.5 na breka ya 16 ya aina C ambayo inavumilia mshtuko wa mota kuanza, uangalie herufi kabla ya namba, C16, ukipewa B16 inaweza kushuka kila pampu ikiwaka na mtu atakushauri uweke kubwa zaidi.

Paipu imejaa, nakubali, na usimruhusu mtu asukume waya kwa nguvu kwenye paipu iliyojaa, ngozi inachanika kwenye kona. Piteni juu ya ukuta, paipu za nje au zile mifereji ya plastiki yenye kifuniko, si nzuri kwa macho kama ya ndani lakini jikoni na stoo nani analalamika. Umbali wa kutoka DB mpaka stoo yako ya samaki si mkubwa.

Afu kazi ikiisha, kabla kifuniko hakijarudi, hesabuni. Laivu zinazotoka kwenye breka ngapi, neutro zinazoingia ngapi, zikiwa hazilingani kuna mtu kaazima. Na zipangwe kwa mfuatano, breka ya kwanza neutro skrubu ya kwanza, hivyo hivyo. Kipimo cha uhakika zaidi: meni chini, vifaa vyote vimechomolewa na balbu zimezimwa, toa neutro moja kwenye baa (na kama laini ina breka yenye neutro ndani itoe humo), pima kwa malti mita iliyowekwa kwenye mlio kati yake na baa, inatakiwa isilie. Ikilia, mahali fulani imeshikana na neutro ya laini nyingine. Rudisha, toa inayofuata. Dakika ishirini nyumba nzima, na humo humo kaza kila skrubu.

Kuhusu shemeji, najua ugumu wake, huwezi kumwambia ndugu kwamba kakosea mbele ya dada yako. Msomee ile hesabu ya 14 na 11, mtu wa umeme akiiona hiyo 25 kwenye neutro hahitaji maneno mengine, na kama hana klampu mita mwazimieni, afunge kwenye neutro ya sebuleni jagi na pasi zikiwaka ajionee mwenyewe inasoma ngapi hata kabla ya friza. Kama hana leseni ya EWURA tafuteni mwenye leseni aje akague DB ikiwa wazi, shemeji ndo avute waya. Hizo breka za binamu mrudishieni au mzitunze tu. Na nitumie picha ya DB kabla ya kununua chochote, niione hiyo baa ya neutro ina skrubu ngapi zilizobaki.